AFYA NYUMBANI: Dawa Isiyoachwa

Mwezi huu twapenda kusema juu ya saratani ya damu iendayo polepole, ambayo madaktari huiita lukemia sugu ya mieloidi. Chanzo chake ni katika uboho ulio ndani ya mifupa, ambamo damu hufanyizwa. Chembe nyeupe za damu huzidi kupita kiasi, wengu huvimba upande wa kushoto wa tumbo, mwili hukonda, na jasho hutoka usiku. Ugonjwa huu si uchawi wala laana, wala haumwambukizi mtu alaye sahani moja na mgonjwa.

Mwaka 1960, mjini Philadelphia katika Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona katika chembe za wagonjwa hao kromosomu moja iliyo fupi kuliko desturi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha sababu yake: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali. Badiliko hilo huuamuru uboho kufanyiza chembe pasipo kukoma. Dawa ya imatinibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, huizuia amri hiyo; na wengi waimezao kila siku huishi miaka mingi, wakilima, wakifundisha na kulea watoto wao.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa huona nguvu zimemrudia na tumbo limenywea, akasema, "Nimepona," akaacha dawa. Chembe mbaya zilizosalia huongezeka kimya kimya, na ugonjwa waweza kurudi kwa ukali. Wapo waachao kwa salama, ila kwa shauri la daktari tu, nao hupimwa damu mara kwa mara.

Mkumbukeni Naamani. Aliambiwa ajichovye Yordani mara saba. Lau angalitoka majini mara ya sita, angalirudi kwao na ukoma wake.

Basi, twawasihi ninyi wa nyumbani mwa mgonjwa: mkumbusheni kila siku ameze dawa pamoja na chakula na bilauri ya maji. Asile balungi, wala asichanganye dawa za miti pasipo kumwambia daktari. Mwanamke atakaye kuzaa aseme kwanza hospitalini. Tena aende kliniki kabla vidonge havijaisha, hata siku ajionapo mzima.

Bwana awape saburi.