SAA YA KUSIKILIZA ISIFUNGWE



Tangu juma lililopita maneno yamekuwa mengi uwanjani. Watu wanasema saa yetu ya kusikiliza muziki, ile ya siku ya posho kiisha chakula cha mangaribi, itafungwa. Kuna wenye kufurahi: "Beko banapoteza tu wakati na ile makelele yabo!" Sisi tunaoshika ile saa hatutaki kunyamaza. Tutasema kwanza kosa letu, kiisha sababu yetu.

Kosa tunaliungama. Siku ile tulifungua ampli mpaka mwisho, juu ya kushindana na bafle mupya ambayo mwenzetu mmoja aliileta toka mjini. Wale wa mwaka wa mwisho walikuwa wanajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, hawakusoma kitu. Na sisi wenyewe hatukusikia kitu: hoparlere yetu moja iliungua, ikatoa harufu, ikanyamaza. Mukubwa wa interna ana haki ya kukasirika.

Lakini tunauliza: ni nini ilileta lile kosa? Si kusikiliza, ni kushindana. Siku ile hapakuwa mtu wa kusikiliza. Kila mmoja alitaka tu asikiwe yeye. Na dawa ya kushindana haiko kufunga mlango.

Mjue vile tulianza. Ampli tuliikuta katika depo, kati ya viti vilivyovunjika. Bafle tulizitengeneza wenyewe kwa mbao za kabati la zamani. Sanduku ni la kazi gani? Hoparlere inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ikiwa wazi, hewa ya nyuma inazunguka na kuua ile ya mbele, na sauti nzito inapotea. Ukiitia katika sanduku, besi inarudi. Hilo somo la fizike tulilisoma ubaoni. Katika chumba chetu tulilisikia kwa masikio.

Mara ya kwanza, tulipounganisha bafle zote mbili, muziki ulitoka mwembamba kama sauti ya mtu mwenye mafua. Sisi wakubwa tulikuna kichwa. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kwao hakuna hata radio, akauliza: "Juu ya nini huku uzi mwekundu umeingia fasi ya mweusi?" Tulichukua jiwe moja la radio, la volti 1,5, tukaligusisha kidogo na nyuzi za kila bafle. Hoparlere ya kwanza iliruka mbele, ya pili ikarudi nyuma. Basi moja ilikuwa inabomoa kazi ya nyingine! Tuligeuza nyuzi, na besi ikajaa chumba. Tulimpigia mtoto makofi. Pale hakuna aliyeuliza baba ya nani ana feza.

Furaha nyingine ni hii. Wengi wetu tuliujua wimbo Masanga wa Mwenda Jean Bosco, ambao Hugh Tracey aliushika kwa mashine yake mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Tuliujua kwa simu tu, na katika simu unasikia zaidi nyuzi nyembamba. Jioni moja tuliunganisha simu ileile na ampli, tukanyamaza wote. Tukasikia kidole gumba kinatembea chini, na kidole cha pili kinajibu juu. Mwenzetu mmoja akabisha: "Ni magita mbili!" Hapana, iko moja. Tuliurudilia mara tatu. Mwalimu aliyekuwa anapita njiani akaingia, akakaa, akatusimulia vile baba yake alikuwa anaenda kwa jirani mwenye mashine ya diski, wote wanazunguka wimbo wa dakika tatu, halafu wanageuza upande wa pili. Ile jioni tulimjua mwalimu kuliko katika mwaka mzima.

Mtu atasema: leo kila mmoja ana simu na vile vidude vya masikio, bafle ya nini? Tunajibu: mwenye kusikiliza peke yake hana wa kumwambia "rudisha kidogo, umesikia pale?" Furaha ya muziki, nusu yake iko katika lile neno.

Mwingine atasema tunahitaji kwanza vyombo vya bei kali. Hapana. Mawangu Mingiedi na kundi lake Konono N°1, kule Kinshasa, walitengeneza mikrofoni za likembe kwa sumaku za vipande vya motokari za zamani. Diski yao Congotronics ya mwaka 2004 ilisikilizwa hata Ulaya. Masikio na akili vilitangulia feza.

Basi hii ndiyo shauri letu. Saa ibaki, lakini iwe na sheria. Kifungo cha sauti tutakitia alama ya rangi, na hakuna kuipita: mtu akiongea kwa sauti ya kawaida, mwenzake amsikie. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na watoto 75. Sikio lililoharibika halina fundi. Wakati wa mitihani tutafunga wenyewe bila kuambiwa. Kila siku ya posho mtu mmoja ataleta wimbo mmoja, hata awe na simu ya kuazima, na atatuambia kwa nini anaupenda. Ile hoparlere iliyoungua tutailipa kwa feza zetu, kidogo kidogo.

Tunamwomba Bwana Prefe atupe miezi mitatu ya kutujaribu. Tukikosa tena, funguo tutaileta wenyewe katika biro yake. Tena tunamwalika aje siku moja. Kiti kitakuwa katikati ya bafle mbili, fasi ambayo kidole gumba cha Bosco kinasikika vizuri.

Sisi wa saa ya kusikiliza