Lubumbashi: Kompyuta ingali nzima, kwa nini itupwe?

Katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, vibanda vya kuandikisha barua na kutoa fotokopi vinafunguliwa asubuhi mapema. Ndani kuna meza, imprimanti, na kompyuta moja au mbili za okazioni zilizotoka Ulaya. Mashini hizo zimewalipia watoto masomo na kodi ya nyumba kwa miaka. Leo wenyewe wanasoma kwenye kioo ujumbe unaowaambia kwamba kompyuta yao haifai tena.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, programu iliyotoka mwaka 2015. Anayetaka kuendelea anaambiwa aweke Windows 11. Lakini hiyo inadai kumbukumbu ya giga 4, nafasi ya giga 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017 haizikubali. Kompyuta nyingi za okazioni zinabaki nje, ingawa hazijaharibika: zinaandika barua, zinapiga hesabu, zinatoa karatasi.

Hata kwa yule ambaye mashini yake inakubaliwa, kazi si ndogo. Programu mpya inakula giga kadhaa za intaneti, na hapa mega zinanunuliwa kwa franka za mfukoni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inaweza kukataa kuwaka kabisa. Na ikiwaka, inakuja nzito, vitufe vimehamishwa, imprimanti ya zamani haitambuliwi. Mwanafunzi aliyeleta kazi yake ya mwisho wa masomo anasubiri mlangoni, na kesho ndiyo siku ya kuiweka.

Ni lazima kusema ukweli wa upande wa pili. Programu isiyohudumiwa ni nyumba yenye kufuli bovu. Mwezi wa tano mwaka 2017, kirusi WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150, na dawa yake ilikuwa imetolewa tangu mwezi wa tatu. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Kwa hiyo anayewaambia wakaaji wapuuze usalama anawadanganya.

Lakini kurekebisha kufuli ni jambo moja, na kumwambia mtu abomoe nyumba ni jambo lingine. Kampuni yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana: inawauzia watu binafsi ulinzi wa Windows 10 kwa dola 30 hadi Oktoba 2026. Kama dawa ipo, basi mashini haijafa. Kinachokosekana ni nia ya kuihudumia.

Watu wa Katanga wana sababu nyingine ya kuuliza. Kobalti iliyo ndani ya betri za laptopu nyingi duniani imechimbwa upande wa Kolwezi na Likasi. Madini yanatoka hapa kwa jasho, yanarudi yakiwa laptopu iliyotumika, na baada ya miaka michache watu wanaambiwa waitupe. Itatupwa wapi? Katika mifereji na majalala ya mitaa hii hii, pamoja na risasi na sumu nyingine zilizomo.

Njia zipo. Linux Mint ni ya bure, na inakwenda vizuri kwenye kompyuta nyingi za zamani. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel bila malipo, ingawa mara nyingine mpangilio wa kurasa unasogea na unahitaji kuangaliwa tena. Mashini ya kuandikia tu inaweza kukaa bila intaneti, mradi kila ufunguo wa USB upimwe kabla na nakala za kazi ziwekwe pahali pengine. Vyuo na ofisi za serikali nazo zipokee PDF, ambayo inafunguka kwenye kompyuta ya zamani na mpya sawasawa, pasipo kudai programu ya mwaka huu.

Mtu hanunui jembe jipya kwa sababu fundi amebadilisha rangi ya mpini. Ananunua lile la zamani likishindwa kulima. Kompyuta za Kenya bado zinalima.