Hotel Impala: barua ya mama iliyojibiwa kwa albamu

Kijana wa Nyalukemba anayerap leo mara nyingi ana nyimbo za aina mbili: ule wa uhamasishaji ambao shirika litalipa, na ule wake mwenyewe ambao hakuna wa kulipa. Huu wa pili ndio unabakia mu simu. Kwa kuelewa thamani yake, inafaa kusikiliza tena Hotel Impala, albamu ya kwanza ya Baloji akiwa peke yake, iliyotoka Ubelgiji karibu miaka 20 iliyopita.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa Ubelgiji, akakulia Liège, mbali na mama yake. Alijulikana na kundi la Starflam, lenye albamu Survivant ya 2001, kisha akalitoka na kuachana na muziki. Kilichomrudisha ni barua ya mama, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kimya. Mtu kama huyo unamwelezaje maisha yako yote? Yeye alijibu kwa albamu nzima.

Nguvu ya Hotel Impala iko hapo. Inaongea na mtu mmoja, tena mtu ambaye hajui chochote juu ya mwimbaji, kwa hiyo kila kitu kinapaswa kuelezwa. Hata jina la wimbo De l'autre côté de la mère linacheza na maneno mawili ya Kifaransa yanayosikika sawa: bahari na mama.

Baadaye alienda Kinshasa kutengeneza Kinshasa Succursale, akarudilia sehemu ya nyimbo hizo pamoja na wanamuziki wa kule. Humo Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé imepata maneno mapya na jina la Siku ya Baadaye. Kiswahili juu ya wimbo ule! Watu wa mashariki hawakuzoea heshima hiyo.

Ukweli usemwe: kwa Hotel Impala, Baloji alikuwa na kampuni EMI nyuma yake. Mu Bukavu hakuna wa kumpa kijana msaada kama huo. Lakini kitu cha kusema kipo. Tangu AFC/M23 iingie mjini Februari 2025, kuna jamaa ambazo baba yuko Bukavu, watoto wako Bujumbura, mwingine Kampala, na habari zote zinapita kwa sauti za WhatsApp: nani amezaa, nani amegonjwa, nani bado hajatuma makuta. Barua hizo tayari zimeandikwa. Kinachokosekana ni bei ya studio, na mtu wa kukubali kulipia wimbo ambao hauna ujumbe wa shirika ndani.