Dhana na Kipimo



Mwezi uliopita nilimfukuza mtoto wa jirani katika chuo changu. Nilimdhania kuwa ameiba neno la siri la intaneti yetu, maana kila jioni alipokaa barazani na simu yake, darasa tulisikilizalo nyumbani baada ya Magharibi lilikatika. Mke wangu aliniuliza, "Maalim, una ushahidi?" Sikumjibu.

Mpwa wangu akaja kutoka Sumbawanga na kompyuta yake, akatumia programu iitwayo ping, aliyoitunga Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Kazi yake ni kama ya mtu abishaye hodi: hupeleka ujumbe mdogo, kisha huhesabu muda wa jibu kurudi. Alibisha kwanza kwa ruta yetu, 192.168.1.1, ikaitika papo hapo. Basi kati ya kompyuta na ruta hapakuwa na ila. Akabisha nje, 8.8.8.8, anwani ya Google: kimya. (Lau nambari hiyo ingeitika na jina la tovuti likakataa, tungejua kuwa ila i katika kugeuza majina kuwa nambari.)

Ndipo akafungua ukurasa wa ruta yenyewe. Vyombo vilivyoungwa vilikuwa viwili tu, simu yangu na kompyuta yake. Na mtandao ulioshikwa ulikuwa wa Zambia, ambako laini yangu haina ruhusa! Kasesya yetu ni mpakani, na mawimbi ya minara hayaulizwi pasipoti. Nasi wenyewe kila jioni tuliisogeza ruta kwenye dirisha lielekealo ng'ambo, ili sebule nzima isikie. Akaizuia isijichagulie mtandao, akaihamishia dirisha la upande wa Matai. Kazi ya dakika kumi.

Yamkini pia ila ikawa mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Sijui ni watoto wangapi waliogombezwa siku ile.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, iamrishayo kuhakikisha habari, naisomesha kila mwaka.

Baada ya Isha nilikwenda kwa jirani, nikamwomba radhi mtoto mbele ya baba yake. Amerudi chuoni, juzi ameanza Suratul Mulk.