Nyunzu: chumba kitangazwe kabla watu hawajakimbia

NYUNZU – Chumba kimekwisha tangu mwezi wa saba. Matofali yalichomwa, mabati yapo juu, mlango una kufuli. Jirani akiuliza kama kinapangishwa, mwenyewe anajibu: bado kidogo. Bado kidogo ya nini? Kartye nzima inajua. Anangoja watu wakimbie.

Tabia hiyo ipo Nyunzu, ipo Kalemie, na imefika wakati wa kuisema wazi. Chumba cha muda mfupi, cha wiki moja au cha mwezi mmoja, hakitangazwi siku kilipokwisha kujengwa. Kinatangazwa siku habari mbaya zinapofika kutoka vijijini. Asubuhi familia zinaingia kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi mmoja aliyebaki kwenye kamba. Saa nne karatasi imekwisha kubandikwa kwenye mlango. Mchana komisionere yuko juu ya pikipiki. Jioni tangazo linasomwa redioni: nyumba inapatikana, bei ni ya kuelewana.

Kuelewana na nani? Mama aliyesimama njiani na watoto wanne, wingu limefunga juu yake, haelewani na mtu. Anakubali tu.

Wenye nyumba wana jibu lao, na si jibu la kutupwa. Wanasema saruji na mabati ni bei kali, kuyafikisha hapa ni taabu, na hakuna serikali iliyowasaidia hata tofali moja. Ni kweli. Wanasema pia kwamba mali ni yao, na kila mfanyabiashara anachagua siku ya kufungua duka lake. Hapo ndipo maneno yao yanapoanza kuvunjika. Anayefungua duka siku ya soko anangoja wateja wenye uchaguzi. Anayefungua chumba siku ya kukimbia anangoja watu wasio na uchaguzi wowote.

Tena watu wa Nyunzu hawahitaji kufundishwa kukimbia ni nini. Tarehe 30 mwezi wa nne 2015 kambi ya wakimbizi wa ndani ilishambuliwa hapa hapa Nyunzu, watu wakauawa. Miaka ya 2016 na 2017, vita vya Batwa na Baluba vilipowaka tena katika jimbo la Tanganyika, vijiji vizima vilibaki tupu na wengi walishuka mpaka Kalemie kulala chini ya maturubai na nyasi. Ndiyo maana familia nyingi leo zinatafuta chumba chenye ukuta na mlango wa kufunga kabla ya kufikiri kambi. Si anasa. Na kati ya papa wanaofunga vyumba kwa kufuli leo, wamo waliobisha milango ya watu Kalemie miaka ile.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, inayohusu nyumba za kupanga, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mitatu. Mtu anayekuja kwa mwezi mmoja akiombwa garanti ya miezi sita, mwenye nyumba na komisionere wake wako nje ya sheria, hata kama wamecheka naye vizuri. Mashefu wa kartye wanaijua sheria hiyo, au wangepaswa kuijua.

Lakini tuache huruma na sheria kando, tupige hesabu tu. Chukua, kwa mfano, chumba cha dola 10 kwa mwezi. Mwenyewe anakifunga miezi minne akingoja wakati mzuri: dola 40 zimekwenda. Wakati mzuri unafika, anadai dola 20. Faida yake juu ya bei ya kawaida ni dola 10 kwa mwezi, kwa hiyo anahitaji mkimbizi huyo akae miezi minne, alipe yote, ndipo arudishe tu kile alichopoteza. Mkimbizi hakai miezi minne kwa dola 20. Anakaa wiki tatu, pesa inakwisha, anahamia kwa ndugu yake. Chumba kinabaki tupu tena, na kuta zimekwisha kuingiwa na mchwa.

Wateja wa muda mfupi wapo bila vita. Wanunuzi wa mahindi na karanga wanafika baada ya mavuno. Wakaguzi wanafika wakati wa Egzamini ya Taifa. Abiria wa treni wanabaki hapa siku nyingi kuliko walivyopanga, kila mtu wa njia ya Kalemie–Kabalo analijua hilo. Mwenye akili anatangaza chumba chake katika kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, barabara inapopitika na watu wanapotembea. Ana wakati pia wa kuona kama paa linavuja kabla mvua haijaja kumwonyesha.

Hilo la mvua si dogo. Pupa ya kuwahi wakimbizi inafanya vyumba vitangazwe kabla ya kukamilika: ukuta bado una maji, dirisha ni gunia, choo kiko "kesho". Familia tatu zinaingizwa kwenye parseli moja isiyo na choo, katika jimbo ambalo kipindupindu hakijawahi kulihama. Halafu ugonjwa ukianza, wanaosemwa ni wakimbizi, eti wamekuja na uchafu. Shimo la choo linachimbwa na mwenye parseli, tena kabla ya tangazo la kwanza.

Na mara nyingine anayengojewa si mkimbizi, ni ONG. Ikisikika tu kwamba timu inakuja kufanya uchunguzi, mwalimu aliyelipa kwa franga mwaka mzima anaambiwa mtoto wa mwenye nyumba anaoa, chumba kinahitajika. Wiki ijayo chumba kile kile kinaitwa nyumba ya wageni, bei kwa dola. Timu inarudi Kalemie baada ya siku kumi. Mwalimu amekwisha kuhama na hana sababu ya kurudi.

Redio za hapa nazo zisijifiche. Tangazo linalipiwa, linasomwa, basi. Lakini "bei ya kuelewana" inayosomwa jioni ya siku watu wanapokimbia inamsaidia mmoja tu. Redio ina haki ya kulikataa. Mwenye kutangaza chumba aombwe bei kwa franga, garanti ni miezi mingapi, choo kipo au hakipo, na bei hiyo itasimama mpaka tarehe gani. Tangazo lisomwe sasa, kiangazi hiki, lisomwe tena mwezi wa kumi mvua zinapoanza. Anayebadilisha bei katikati, asikilizwe na wote waliosikia ya kwanza.

Mwezi wa kumi hauko mbali. Vyumba vyenye kufuli vinaonekana kutoka barabarani, na mashefu wa kartye wanaweza kuvihesabu kwa asubuhi moja.