Kujiuzulu kwa Kununa

Tanzania tumezoea aina moja ya kujiuzulu. Kiongozi anasukumwa hadi mlangoni, anang'ang'ania mwimo kwa mikono miwili, na akishatolewa nje anatugeukia sisi wananchi kutulaumu kwamba tumemwonea. Nasi kwa huruma yetu isiyo na kipimo tunamwambia pole.

Tarehe 7 Februari 2008, Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba amemwandikia Rais Jakaya Kikwete barua ya kuomba kuachia uwaziri mkuu. Siku moja kabla yake, Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela, alikuwa amewasilisha ripoti ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa Richmond. Huku Rungwe redio zilikuwa juu kuanzia Kiwira, Tukuyu mpaka Kinyala. Kyela na sisi tulikuwa wilaya moja kabla ya kugawanywa, kwa hiyo Mwakyembe tulimhesabu mtoto wa nyumbani, na siku ile tulitembea vifua mbele kana kwamba ripoti tumeiandika wote.

Kwa waliokuwa watoto wakati ule, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera likashuka, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Kampuni ya Richmond, yenye makao yake Houston, Marekani, ikapewa mkataba wa dharura wa kuzalisha megawati 100. Kamati ilikuta kampuni hiyo haina mtaji wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Malipo kwa siku yalikuwa kama shilingi milioni 152, na hayo ni ya kuwapo kwa mtambo tu, uzalishe au ulale. Mitambo ikachelewa, mvua zikaja kabla yake, mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. TAKUKURU nayo ilikuwa imekwisha kuchunguza na kusema hapakuwa na rushwa! Mkurugenzi wake, Dk. Edward Hosea, aliendelea kukalia kiti hicho mpaka Desemba 2015.

Sasa turudi kwenye hotuba ya siku ile. Lowassa hakuliambia taifa kwamba wananchi wamekaa gizani na yeye, msimamizi wa shughuli za Serikali, anabeba dhamana. Alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Akaonyesha kwamba kilichokuwa kikitafutwa ni uwaziri mkuu wenyewe, basi acha auachie. Haki ya kusikilizwa ni haki, siibishi hata kidogo. Ila Waziri Mkuu, kwa Katiba yetu, ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake kila siku ya kikao. Kama alikuwa na la kueleza juu ya Richmond, nani alimziba mdomo mpaka ripoti isomwe?

Jibu alilitoa mwenyewe Julai 2015, alipohamia upinzani: kwamba alitaka kuuvunja mkataba ule, akazuiwa na amri ya wakubwa. Miaka saba! Aliyetoa amri hakutajwa mwaka 2008, wakati jina lake lingetusaidia. Limekuja kudokezwa mwaka 2015, wakati wa kuomba kura. Na Mwakyembe wetu, tuliyemshangilia, naye aliwahi kusema kwamba kuna mambo Kamati iliyaacha ili kulinda heshima ya Serikali. Basi mmoja alijiuzulu bila kusema, mwingine alichunguza bila kumaliza kusema, na heshima ya Serikali ikabaki salama salimini. Heshima ya anayenunua umeme wa buku kwenye Luku ilikuwa ya nani kuilinda?

Mawaziri waliondoka watatu: Lowassa, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha. Hakuna hata mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa Richmond. Baraza likavunjwa, Mizengo Pinda akaapishwa kuwa Waziri Mkuu, na aliyejiuzulu akapokewa kwao Monduli kama shujaa aliyetoka vitani. Mitaani ikaenea lugha ya "ajali ya kisiasa". Ajali gani hiyo ambayo dereva anashuka salama, na nauli anaendelea kutozwa abiria? Maana Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru TANESCO iilipe Dowans takriban shilingi bilioni 94. TANESCO haina shamba la chai wala ng'ombe wa maziwa. Ina wateja.

Nami nawaona wateja hao kila wiki. Kuna kinyozi mjini Tukuyu aliyekatikiwa umeme mashine ikiwa kichwani mwa mteja. Upande mmoja umenyolewa, mwingine msitu. Mteja alikaa kwenye kiti saa nzima akijitazama kwenye kioo, mwishowe akaomba kofia akaondoka nayo, na hela hakutoa. Akina mama wanaoteremsha maziwa kutoka Kinyala wanajua bila kufundishwa kwamba jokofu lisilo na umeme ni kabati. Haya yanatokea wilaya ambayo mvua haijui likizo, yenye mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Jirani hapo upo mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliobinafsishwa mwaka 2005 ukazorota, wafanyakazi wake wakasota kudai stahili zao, mpaka Serikali ikaurudisha mikononi mwake. Kwa huo hata wa kujiuzulu kwa kununa hakutokea.

Wapo watakaoniambia ndiyo siasa ya Afrika, usitegemee makubwa. Uongo. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Polisi waliokuwa wakiwasaka wauaji wa vikongwe Shinyanga na Mwanza waliwatesa washukiwa, na baadhi wakafia mikononi mwao. Mwinyi hakumpiga mtu kofi. Hakuwapo huko. Alijiuzulu kwa sababu waliopiga walikuwa chini yake, na hakusimama mbele ya taifa kulalamika kwamba kiti chake kinaonewa wivu. Akaenda zake ubalozini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Lowassa na Mwinyi walifariki mwezi mmoja, Februari 2024, tofauti ya siku kumi na tisa, na wote tuliwazika kwa heshima. Marehemu hasemwi, tunaambiwa. Lakini uongozi wa marehemu ni mali ya umma na lazima usemwe.

Hata kabla ya Bunge kuwapo, Wanyakyusa hatukuwa wageni wa jambo hili. Wazee wetu walikuwa na ubusoka. Kila kizazi kilipokomaa, wazazi walikabidhi utawala na ardhi kwa vijana wao, chifu mzee akasogea pembeni kuwapisha machifu wapya. Haikuwa sherehe tamu kwake, maana ilitarajiwa kwamba baada ya kukabidhi hatakaa muda mrefu duniani. Unaweza kufikiria mzee huyo alivyotamani siku isifike. Hata hivyo siku ilifika, na ilikuwa ya watu wote. Hakukuwa na nafasi ya chifu kusema vijana wamemfanyia fitina. Sisemi turudi kwenye uchifu, hasha. Nasema mtu ambaye babu yake aliweza kuachia nchi huku akijua anakaribia kaburi hana sababu ya kumbembeleza waziri ambaye akiachia ofisi anakwenda kupumzika kwenye nyumba yenye jenereta.

Halafu tazameni la Job Ndugai. Akiwa Spika, wananchi walikuwa na madai mazito juu ya mwenendo wake. Mwaka 2019 Bunge lake liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kwa kosa la kusema Bunge ni dhaifu. Novemba 2020 aliwaapisha wanawake 19 wa viti maalumu ambao CHADEMA ilisema haikuwateua. Tulipiga kelele. Hakutikisika, na wakati mwingine alitujibu kwa kejeli. Kilichomng'oa kilikuwa kingine: mwishoni mwa mwaka 2021 alisema mikopo inazidi na iko siku nchi itapigwa mnada. Rais Samia Suluhu Hassan akachukizwa, Spika akaomba radhi hadharani, radhi haikutosha, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Barua aliyoitangaza aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa CCM.

Someni tena hapo. Mkuu wa mhimili unaopaswa kuisimamia Serikali aliondoka kwa kuigusa Serikali, na kwaheri akaipeleka kwa chama. Yale yaliyotuumiza sisi hayakumgharimu hata usingizi. Kiti kikaenda kwa Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Bulyaga hapa Tukuyu, nasi tukapiga vigelegele bila kuuliza kama alichokirithi ni Bunge au ni onyo.

Na hapo ndipo lawama inaponifika mimi na wewe. Septemba 2007, viwanja vya Mwembe Yanga, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi na Lowassa alikuwamo. Mwaka 2015 chama kilekile kilimsimamisha Lowassa kugombea urais, Dk. Slaa akaachana na siasa za vyama, na Watanzania zaidi ya milioni sita wakampigia kura mtu ambaye Richmond alikuwa hajaitolea hesabu. Machi 2019 CCM ikampokea tena kwa bashasha. Wapinzani walimsafisha walipomhitaji, chama tawala kikamsafisha aliporudi, na sisi tukashika ndoo ya maji pande zote mbili. Kiongozi gani atahangaika kuwajibika kwa dhati kwenye nchi ambayo kununa tu kunatosha?

Ninyi mnaokaa Dodoma kwa kura za Rungwe na Busokelo, Ibara ya 53A ya Katiba inawapa nguvu ya kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Msisubiri barua. Na pelekeni muswada: kiongozi akijiuzulu kwa kashfa, ajibu maswali mbele ya Bunge hadharani, jalada lake lifike kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mafao ya kustaafu yazuiwe mpaka hesabu ifungwe. Mkishindwa, mwaka 2030 msipande Kinyala kutuomba kura.