Kompyuta Inapochelewa, Tusikimbilie Kununua Nyingine



Mwezi huu tuzungumzie jambo linaloleta manung'uniko katika nyumba nyingi, nalo ni kompyuta ya nyumbani iliyo nzito. Mtoto anaiwasha afanye kazi ya shule, mama anainjika maji ya ugali, na maji yanachemka kompyuta ikiwa bado haijafunguka. Mtoto ananuna, baba anasema imezeeka, inunuliwe nyingine, na mama anakumbuka kwamba ada ya muhula haijakamilika. Je, tufanye nini?

Kwanza tujue kilichomo ndani. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka. Ndani ya diski hiyo mna sahani ngumu, na juu yake mkono mdogo unaokwenda huku na huko ukitafuta habari zilizohifadhiwa. Katika kompyuta za mpakato sahani hizo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na katika nyingi za mezani mara 7,200. Mtu angedhani huo ni mwendo wa kutosha. Lakini kompyuta inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila mara mkono ule husogea, kisha husubiri sahani ifike. Ni kama kupika wakati chumvi iko stoo na mwiko uko uani.

Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka. Diski ya zamani husoma megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, tena habari zikiwa zimepangwa mfululizo. SSD ya kawaida, ile inayoingia katika nafasi ya SATA, hufika 500 hivi, na zile ziitwazo NVMe hupita 2,000. Hata hivyo, kwa barua, masomo na hesabu za nyumbani, nafuu kubwa ni ile ya kuacha sahani na kuingia SSD. Kati ya SSD moja na nyingine hutaona tofauti kubwa, hivyo hakuna haja ya kununua ile ya bei ya juu kuliko zote.

Kabla ya kununua, tupime. Katika Windows 10 au 11, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Ikiwa mstari wa diski unakaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, hapo ndipo penye mzigo. Ikiwa kinachojaa ni RAM, yaani nafasi ya kazi zinazoendelea, basi diski mpya peke yake haitatosha.

Kisha tuhakikishe kwamba diski itaingia. Kompyuta za zamani hupokea ile ya kijisanduku bapa cha inchi 2.5, nyingine hupokea kile kijiti chembamba kiitwacho M.2, nacho kina aina zaidi ya moja. Mpelekee muuzaji jina na namba ya kompyuta yako, usikisie. Gigabaiti 250 zinaweza kuitosha familia isiyo na video nyingi, na 500 zinatoa nafasi ya kupumua. Ukiona diski ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya maandazi, iache. Zipo za bandia zinazodai nafasi zisizokuwa nazo, na habari zikizidi nafasi ya kweli hupotea.

Sasa tufike kwenye neno tunalolitilia mkazo. Ndani ya diski ile ya zamani mna picha za harusi, hesabu za kikundi cha akina mama, labda na picha ya mwisho ya bibi kabla hajalala. Usimkabidhi fundi kompyuta kabla hujanakili vitu hivyo mahali pengine. Tena usidhani SSD haifi. Hufa, na mara nyingi bila kutoa sauti wala dalili, na kilichofutwa humo ni vigumu kukirudisha.

Basi, diski ya zamani ikiwa bado nzima, itiwe katika kasha lenye waya wa USB, iwe ghala la picha. Lakini ikiwa inatoa mlio wa kugonga-gonga, usiitegemee tena. Nakala nyingine iwekwe nje ya nyumba yenu, kwa dada au kwa wazazi, maana mwizi akija huchukua kompyuta pamoja na kilicho kando yake.

Yule mke mwema wa Mithali 31 alilichunguza shamba ndipo akalinunua. Nasi tukipima kwanza, huenda kompyuta ile ile ikamtumikia mtoto miaka kadhaa tena, na ada ikalipwa. Kasi hupatikana dukani, lakini sura ya mama aliyetutangulia haiuzwi popote. Leo jioni, kabla ya sala ya familia, mwombe mwanao akusaidie kunakili picha zile.

Bwana azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.